Ukitaka farasi atembee peku, mpe kwanza pa kutembea

Huku kwetu Nanyuki mtu akiamua kumvua farasi viatu anaita fundi, misumari inang'olewa, tupa inapigwa, basi, farasi anarudishwa kwenye ile padoki ya mraba, yaani uwanja wake wa uzio, asimame hapo mchana kutwa nyasi zimemfika magotini. Baada ya mwezi anachechemea na lawama zote zinaangukia kwato. Hapana jamani. Kwato haitengenezwi na tupa peke yake, inatengenezwa na mwendo na kile anachokula, na vyote viwili unavipanga kwa uzio tu, ukitengeneza padoki ya njia, yaani njia nyembamba inayozunguka ukingo wa shamba ambayo farasi anaishi humo.

Hii padoki ya njia ilianzia Marekani. Kuna fundi wa kwato anaitwa Jaime Jackson, miaka ya 1980 alikuwa akiwachunguza farasi wa porini kule Great Basin, nyanda kavu za magharibi mwa Marekani, akaona kwato zao ni fupi na ngumu na hakuna mtu anazigusa, manake wanatembea sana kwenye mawe na ukame wakidonoa kidogo kidogo. Ndo akasema badala ya kumwachia farasi shamba zima, zungusha njia ukingoni, nyasi za katikati uzikate ukaushe.

Uzio wa nje si unao tayari, we ongeza wa ndani, utepe wa umeme unatosha, njia iwe na upana wa mita 4 hivi na mahali pamoja au pawili upanue wapate pa kulala na kujigaragaza. Kona zisiwe kali na kusiwe na mwisho uliozibwa, farasi mnyonge akifukuzwa akakwama hapo atapigwa mateke vibaya. Alafu kosa ninaloona kila mara ni maji, chumvi na nyasi vyote kuwekwa kando ya geti juu ni rahisi kwa saisi, yule mtunza farasi. Hapo hujafanya kitu, watasimama getini siku nzima! Maji weka huku, chumvi kule, nyasi zigawe kwenye vyavu vya matundu madogo sehemu 4 au 5, farasi wa kilo 400 anataka kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku na tumbo lake linatoa asidi hata likiwa tupu, kwa hivyo asikae njaa masaa mengi.

Nyasi kavu mi napendelea Boma Rhodes. Nyasi ya kikuyu ina oksaleti, kemikali inayoshika kalisiamu, farasi akiishi kwa kikuyu pekee mifupa inalainika mpaka uso unavimba. Na mvua zikinyesha ikachipuka, sukari yake inaweza kumharibu kwato kabisa. Asubuhi moja ya mwezi wa nne nilimkuta jike wetu wa kahawia ameisukuma miguu ya mbele mbele, uzito wote ameurudisha nyuma, hataki kugeuka. Nikashika nyuma ya kifundo, pale juu ya kwato, mshipa unadunda kwenye vidole vyangu kama ngoma, na kwa farasi mzima huo mshipa unautafuta mpaka unakaribia kukata tamaa. Nilikuwa nimewafungulia nyasi za katikati siku 3 kwa kuwahurumia. Ukikuta hivyo mtoe kwenye nyasi saa hiyo hiyo, msimamishe pahali laini, mwekee miguu kwenye barafu, usimlazimishe kutembea, na daktari wa mifugo aje siku hiyo hiyo.

Udongo mweusi nao wakati wa mvua unanata na kuozesha ile pembetatu laini katikati ya unyayo, utaijua kwa harufu kabla hujaiona. Chokoa kwato kila siku, na penye maji mwaga kokoto ndogo za mviringo, si zile kali za kuponda. Fundi aje kila wiki 6 azungushe ukingo, unyayo asiukwangue.

Wenzetu ng'ambo wanawaacha njiani usiku na mchana, hilo msiige huku. Usubi ndio unaobeba ule ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness), na unauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, kwa hivyo waingize bandani kabla jua halijazama hasa baada ya mvua, na chanjo mpange na daktari mapema.

Kingine, usiwe na haraka. Kwato inakua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, ili ishuke yote mpya kutoka juu ni karibu mwaka mzima, na huo muda aanzie udongo laini ndo aende kwenye murram. Yule jike wa kahawia ilikuwa mwezi wa pili mwaka uliofuata ndo akapita kwenye kokoto za maji bila kusita, kichwa chini, akifuata wavu wa pili.