Diamond Head: ianze albamu hii katikati

Kama umeshachoka kurudiarudia Iron Maiden na bado unataka hevi metali ya Uingereza ya enzi zile, tafuta albamu ya Lightning to the Nations ya bendi ya Diamond Head (1980), ila usianze na wimbo wa kwanza. Anza na "Am I Evil?", kisha "Helpless", "The Prince" na "It's Electric". Zote nne Metallica, bendi ya Marekani, walikuja kuzirekodi upya, kwa hiyo sikio linapata pa kushika: gitaa la Brian Tatler linageuza mwendo ghafla katikati ya wimbo, na unajua papo hapo wale vijana wa Marekani walichota wapi. Ndipo urudi mwanzo, usikilize zote saba kwa mpangilio. Tazama mwaka kabla ya kubonyeza: lipo toleo la 2020, bendi ileile lakini mwimbaji mwingine, na kwangu mimi sauti ya Sean Harris, mwimbaji wa lile la 1980, ni nusu ya utamu. Spika ya simu nayo inaua besi yote, vaa hedifoni. Usipowajua Metallica, ujanja huu haukusaidii kitu. Anza tu na wimbo wa kwanza.