SOMO: Kuandaa karakana ya ushonaji kabla mkaguzi wa mteja hajafika

Wadau, wiki hii pekee watu wanne wameniuliza jambo lile lile, mmoja saa tano usiku. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa.

Nina karakana Mtwara mjini, cherehani kumi na nne na ovaloki tatu, zile mashine za kumalizia kingo za kitambaa. Tunashona sare na mifuko ya nguo. Mteja wetu mmoja anauza nje, na wanaonunua kwake wanataka kujua nguo imeshonwa na nani, kwa saa ngapi, na maji machafu yameishia wapi. Ndiyo maana mkaguzi anakuja.

Hatua 1. Usajili wa OSHA (usalama na afya kazini), NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini). Kama huna, acha kusoma, kasajili kwanza.

Hatua 2. Mkataba wa maandishi kwa kila fundi, nakala moja akae nayo yeye. Chini ya miaka 14 haajiriwi. Chini ya 18 haguswi na kazi ya hatari. Kwangu hiyo ni pasi ya mvuke na dawa za rangi.

Hatua 3. Milango. Watu wakiwa ndani, mlango wa nyuma ufunguke kwa mkono mtupu, bila kufuli. Najua wezi wapo, hata mimi wamenibebea pasi mbili. Lakini Septemba 2012 kiwanda cha nguo kiliungua Karachi, Pakistan, wakafa zaidi ya 250, na Novemba mwaka huo huo kikaungua cha Tazreen, Bangladesh, wakafa wasiopungua 112. Kote watu walikimbilia njia wakakuta zimefungwa. Marobota ya kitambaa nayo yasikae njiani.

Hatua 4. Daftari la saa. Hapa nilichemka, kwa hiyo tulia usome.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na oda ya sare za kufungulia shule. Tulishona hadi usiku, na Jumapili mbili tulikuwa kazini. Daftari lilikuwa na mapengo. Usiku wa kuamkia ukaguzi nikakaa na kalamu moja ya bluu nikajaza miezi mitatu: wote wameingia saa mbili kamili, wote wametoka saa kumi na mbili kamili. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akapitisha kidole ukurasa mzima, akaniuliza kama Mtwara mvua hainyeshi, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuchelewa. Kisha akaomba daftari la vipande, lile tunaloandika nani kashona kola ngapi. Mle kulikuwa na kola 60 za Jumapili. Baada ya hapo akawaita mafundi mmoja mmoja chini ya mkorosho, mimi nikiwa mbali. Tulifeli. Saa za ziada angetupa muda wa kuzirekebisha, mwenyewe aliniambia. Kilichotuangusha ni uongo. Oda ilisimama miezi mitano.

Sasa hesabu yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, siku zisizozidi sita. Ukifungua saa mbili asubuhi, ukafunga saa kumi na mbili jioni, na mapumziko ya saa moja, Jumatatu hadi Ijumaa zimekwisha 45. Jumamosi yote ni ziada: unalipa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa. Siku ya mapumziko ni mara mbili. Ziada isipite saa 50 katika wiki nne, na siku moja, pamoja na ziada, isivuke saa 12.

ONYO: kila fundi aandike mwenyewe anapoingia na anapotoka. Usimwandikie. Aliyekosea akate mstari mmoja, aweke sahihi. Usifute kwa rangi nyeupe.

ONYO la pili: usiwafundishe mafundi majibu. Wanaopangiwa maneno huonekana tu.

Hatua 5. Karatasi ya malipo yenye sahihi, kila mwezi.

Hatua 6. Kizimamoto kilichokaguliwa, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, vyoo.

MASWALI

korosho_kwanza: Mkuu nirushie daftari lililojazwa tayari nikopi.

— Soma Hatua 4. Mara mbili.

Fundi wa Masasi: Mimi nalipa kwa kipande, kwa hiyo saa hazinihusu.

— Zinakuhusu. Kulipa kwa kipande hakukuondolei kima cha chini wala saa 45. Gawa alichopata kwa saa alizokaa, uone. Wala usiniambie mafundi wako wameridhika, hata mimi nilisema hivyo.

mzee wa Shangani: Hawa wateja wanataka bei ya kutupa na bado wanataka viwango. Unafiki.

— Hapo sikubishii, mzee wangu. Kitambaa kinachelewa wiki mbili, tarehe ya kukabidhi inabaki pale pale, halafu tunaulizwa kwa nini tulikesha. Siku hizi naandika siku kitambaa kilipofika, humo humo kwenye daftari la saa. Mkaguzi wa mwisho aliipiga picha.

binti_mikindani: Shikamoo dada. Sisi tuko watano, tunatengeneza batiki. Maji ya rangi tunamwaga mfereji unaoshuka baharini. Ni tatizo?

— Marahaba mdogo wangu. Ni tatizo, na umefanya vizuri kuuliza. Maji ya kuchemshia nta yasimwagwe ya moto: yaache yalale, asubuhi nta imeganda juu, iondoe kama ukoko, utaitumia tena. Maji ya rangi yakusanye kwenye pipa, rangi nyepesi kwanza kisha nzito, yatumike zaidi ya mara moja. Yanayobaki msiyapeleke mferejini. Waulizeni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, pa kuyapeleka. Kostiki, ile soda kali ya kuchanganyia rangi, ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usimwagie maji kostiki, itakurukia usoni. Haidrosulfaiti, ule unga unaotiwa kwenye rangi, iwe kwenye kopo kavu lenye kifuniko, ikipata unyevu kidogo inaweza kuwaka yenyewe. Glavu ndefu, za kufika kiwiko. Mkikwama njooni mtembelee, nitawaonyesha pipa letu.

binti_mikindani: Ahsante sana dada. Na sindano zikivunjika? Mteja anataka vipande vyote.

— Gundisha vipande kwa selotepu kwenye karatasi, andika tarehe, cherehani na jina la fundi, ndipo umpe sindano mpya. Vipande visipotimia, nguo zote za meza ile zinasimama, kimoja kisije kikabaki ndani ya nguo.

Fundi wa Masasi: Ncha ikidondoka kwenye vumbi unaipataje sasa?

— Sumaku ya spika mbovu. Ifunge kwenye kamba, iburute chini ya meza. Ya kwangu niliipata kwa fundi redio, bure.