Pandoc itakufaa? Ipime kwa faili lako gumu kuliko yote

Wateja wangu wa kuchapa na kutoa kopi hapa Iyunga ni wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, zaidi, na msimu wa ripoti za mafunzo kwa vitendo hakosi anayeuliza kama aweke Pandoc, programu ya kugeuza faili kutoka umbo moja kwenda jingine, kwenye laptopu yake. Namuuliza kwanza: unachotaka kisipotee ni maandishi na mpangilio wake, au ni sura ya ukurasa?

Pandoc ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inasoma faili, inachukua vichwa, aya, orodha, majedwali na tanbihi, kisha inaviandika upya katika umbo uliloagiza. Fonti, rangi na pambizo kwa kawaida inaviacha. Kwa hiyo mwongozo wa kilimo cha kahawa unaotakiwa kwa Word, EPUB (kitabu cha kielektroniki) na ukurasa wa tovuti ni kazi yake hasa. Barua ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yenye nembo na nafasi ya mhuri si kazi yake. Hiyo ifungulie LibreOffice uitoe PDF.

PDF ndiyo inayowachanganya wengi. Pandoc haisomi PDF kabisa. Kutoa inaweza, ila inahitaji programu nyingine ya kuisaidia, kama LaTeX, ambayo hupanga kurasa, na LaTeX ni mzigo mkubwa kupakua kwa bando la simu. Kama ulicho nacho ni karatasi zilizoskaniwa, tafuta Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, ambayo inasoma Kiswahili pia, halafu kaa uhakiki neno kwa neno.

Sasa ijaribu. Usichukue barua ya aya mbili. Chukua faili lenye tanbihi, picha, na jedwali lenye visanduku vilivyounganishwa. Fungua dirisha la amri, andika:

pandoc ripoti.docx -o ripoti.epub

Fungua kilichotoka ulinganishe na faili la mwanzo, jedwali kwanza. Ukigeuza Word kwenda Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama za mpangilio, ongeza --extract-media=picha, la sivyo picha hutazipata.

Kama kazi yenyewe ni ya mara moja na Word inaiweza, usijisumbue kujifunza amri. Na tovuti za kugeuza mafaili? Kwa tangazo la mkutano sawa. Vyeti na namba za NIDA za watu sivipandishi huko, hata mteja awe na haraka kiasi gani. Pandoc ikishawekwa inafanya kazi bila intaneti, na faili la mtu halitoki kwenye mashine yako. Kwangu hilo lina uzito kuliko mengine yote.

Chuo kikidai sura maalumu, usiikatae Pandoc bado. Chukua faili la Word lenye mitindo ya chuo, uliite chuo.docx, kisha ongeza --reference-doc=chuo.docx kwenye amri ya kutoa Word. Itafuata mitindo, pambizo na ukubwa wa karatasi wa faili hilo. Ukurasa wa jalada utautengeneza mwenyewe kwa mkono.