Namna ya kuendesha mjadala wa tohara barazani, Lamu

Waite watu wanane au tisa baada ya sala ya alasiri; wakizidi hapo, baraza la jiwe haliwatoshi na waliosimama kichochoroni huanza mjadala wao. Wanawake wawe na kikao chao ndani, kiendeshwe na mwanamke. Kahawa ichelewesheni mpaka maneno yachemke: mwenye kikombe cha moto mkononi hapazi sauti.

Anza na maneno, maana "tohara" hubebeshwa mambo mawili. Kwa mvulana ni kuondoa govi. Kwa msichana, Shirika la Afya Duniani limegawa ukeketaji aina 4: kukata kinembe au ngozi inayokifunika, kukata na mashavu ya ndani ya uke, kuziba njia yake, na jeraha jingine lolote, kama kudunga au kuchoma. Kila msemaji ataje aina kabla ya hoja. Pasipo hivyo mmoja atatetea tone la damu la sindano, mwenzake atajibu habari ya kushonwa, na magharibi itawakuta pale pale.

Sheria ni dakika 5 tu. Tangu 2011 Kenya imepiga marufuku ukeketaji: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Ridhaa ya msichana si utetezi. Kumpeleka nje ya nchi akakatwe ni kosa vilevile.

Kwenye dini usikwepe. Wengi wetu ni Mashafii, na vitabu vya zamani vya madhehebu haya huwajibisha khitani, yaani tohara, kwa mvulana na msichana. Ukilificha hilo, aliyesoma atalitoa mfukoni na hutasikilizwa tena. Mwalimu aeleze kwamba Qurani haitaji khitani, na kwamba Abu Dawud mwenyewe, mkusanyaji wa hadithi aliyepokea ile ya Umm Atiyya inayomwambia mkataji wa wasichana asizidishe, aliiita dhaifu.

Kazi yenyewe iko kwenye ridhaa, hapo tenga saa nzima. Mtu atauliza: mtoto wa kiume naye aliulizwa lini? Usimkemee, ni swali halali. Atajibiwa kwa majaribio ya Kisumu, Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini), yaliyoonyesha tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Ni kweli, ila waliopimwa walikuwa vijana wakubwa na watu wazima waliojitolea, kwa hiyo hoja hiyo haimjibu anayeuliza kwa nini mtoto asingojwe. Mwaka 2012 mahakama ya Köln, Ujerumani, iliona tohara ya mtoto ni kumjeruhi. Kabla mwaka haujaisha bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu. Kosa la kawaida hapa ni kulinganisha mvulana wa hospitali na msichana wa wembe wa ngariba. Linganisha hospitali na hospitali: kinembe kilichokatwa na daktari hakirudi.

Akitajwa msichana anayeandaliwa kukatwa, mjadala ukome hapo hapo. Pigeni 116, namba ya watoto, haina malipo. Aliyejua akanyamaza naye ana kosa kisheria.