Somo: Umetoka kwenye bendi, unaanza peke yako. Fuata hatua hizi

Wakuu, kila wiki naulizwa pembeni, "Nimetoka bendi, nianzie wapi?" Naandika mara moja, mwenye shida asome hapa. Wengi hukimbilia studio. Studio inasubiri, anza na karatasi.

Hatua ya 1. Aga vizuri. Maliza shoo mlizoahidi, rudisha vifaa visivyo vyako.

Hatua ya 2. Andikeni nani ana nini. Hapa ndipo watu wanapoumia, nitakaa kidogo. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: utunzi, yaani mashairi na melodi, na rekodi yenyewe iliyotoka studio. Ukiwa mtunzi, mgao wako wa utunzi unaondoka nao. Rekodi ni habari nyingine, mara nyingi huwa ya aliyeilipia au anayetajwa kwenye mkataba. Ndiyo maana Taylor Swift, alipoanza kutoa upya albamu zake za zamani mwaka 2021, ilibidi aziimbe tena kuanzia mwanzo. Utunzi alikuwa nao, rekodi zilikuwa mikononi mwa wengine.

Basi kaeni chini, wimbo kwa wimbo, asilimia zifike 100. "Mashairi: mimi. Melodi: mimi na mpiga gita. 75 kwa 25." Sahihi, tarehe, kila mtu nakala yake. Fanyeni hivyo wakati bado mnasalimiana.

Tahadhari. Usikubali "tutaelewana baadaye". Wimbo ukianza kuingiza hela, kila aliyepita studio siku ile anakumbuka kuwa alitunga. Usipakie rekodi ya bendi kwenye ukurasa wako bila ruhusa, itashushwa na akaunti yako inaweza kufungwa. Jina la bendi usilitumie kwenye matangazo yako kabla hamjakubaliana. Na kama mna mkataba, tafuta kipengele kinachokuzuia kurekodi upya nyimbo zile kwa muda fulani. Vipengele hivyo vipo.

Hatua ya 3. Jisajili kama mtunzi kwenye chama cha kukusanya mirabaha. Mgao uwe uleule mliosaini.

Hatua ya 4. Chagua jina, ulitafute kwanza kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni. Likiwa na mwenyewe, nyimbo zenu zitachanganyika kwenye ukurasa mmoja.

Hatua ya 5. Panga upya nyimbo kabla ya kurekodi. Wimbo uliojengwa na watu watano ukiupiga na gita moja unabaki na matundu. Chukua ule utangulizi wa baa nane (baa ni fungu la mapigo, kwa kawaida manne) ambao gita la solo lilikuwa linaimba. Ukibaki na kodi tupu (noti zinazopigwa pamoja, "chords"), msikilizaji anasubiri kitu ambacho hakiji. Ukate uwe baa mbili, au ile melodi ya gita uivumishe kwa mdomo. Besi haipo tena, kwa hiyo kidole gumba kitembee kwenye nyuzi nene. Halafu tafuta ufunguo wako, yaani wimbo uanzie juu au chini kiasi gani. Bendini ufunguo mara nyingi huchaguliwa kwa ajili ya vyombo, sauti inajibana humohumo. Shusha, pandisha, mpaka kiitikio kitoke bila kukaza shingo.

Hatua ya 6. Rekodi. Faili ya WAV, jalada la mraba, pikseli 3000 kwa 3000.

Hatua ya 7. Sambaza, kupitia msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye majukwaa. Tarehe ya kutoka iwe wiki kadhaa mbele. Spotify wanataka wimbo upelekwe kwa wahariri wao, wanaochagua nyimbo za kwenye orodha zao, angalau siku 7 kabla haujatoka.

MASWALI

nyuzi6: Mkuu, nilitoka bila karatasi. Naweza kuweka zile nyimbo kwangu?
Jibu: Hatua ya 2, kwenye tahadhari.

nyuzi6: Nimeona, ila mimi ndiye nilikuwa naimba.
Jibu: Kuimba kunakupa haki za mwimbaji, hakukupi rekodi nzima. Yale sikuyaandika kujaza ukurasa. Watafute wenzako, hata kwa ujumbe wa simu, wakubali kwa maandishi.

sauti_ya_pili: Mgao tunao. Nikirekodi upya wimbo wetu wa zamani, natumia ISRC ileile?
Jibu: Asante dada, hili nililiacha. Hapana. ISRC ni namba ya rekodi, ina herufi na tarakimu 12. Rekodi mpya, namba mpya. Utunzi haujabadilika, kwa hiyo mgao wa watunzi unabaki. Lakini ukihamisha rekodi ileile kwenda kwa msambazaji mwingine, nenda na namba ya zamani ili usipoteze hesabu ya waliosikiliza. Usifute kule kabla huku haijaonekana.

dogo_wa_biti: Ndefu sana hii, taja tu msambazaji.
Jibu: DistroKid, TuneCore, CD Baby. DistroKid unalipa kwa mwaka. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo, nao wanakata asilimia. Mengine yako juu.

kidole_gumba: Mimi nilijaza matundu kwa pedali ya lupu, ile inayorekodi ulichopiga na kukirudiarudia, ila lupu inachelewa kila ikirudi.
Jibu: Unabonyeza ukishasikia mzunguko umeisha, ndiyo maana. Bonyeza juu ya pigo la kwanza la baa inayofuata, mguu ushuke pamoja na mkono.

sauti_ya_pili: Naongezea hapo, tabaka la kwanza lipigwe kwa sauti ya chini. Likifika la tatu, spika inaanza kukoroma na maneno hayasikiki.
Jibu: Kweli kabisa. Na punguza besi kwenye tabaka la pili na la tatu, la kwanza peke yake libebe uzito.