SOMO: Ujumbe mmoja, vikundi sita, kwa lupu ya R

Kila wiki naulizwa swali lile lile: nina orodha ya vikundi vya wafuga nyuki, nitoeje ujumbe wa kila kimoja bila kuuandika upya? Naandika mara moja, tafadhali someni mpaka mwisho. R ni lugha ya programu, na lupu ni amri inayojirudia kwa kila kitu kwenye orodha. Mfano ni wa wilaya zetu za Tabora.

Kwanza, orodha mbili:

wilaya <- c("Igunga", "Nzega", "Sikonge", "Uyui", "Urambo", "Kaliua")
ndoo <- c(12, 8, 20, 15, 9, 18)

Pili, hakikisha zinalingana:

stopifnot(length(wilaya) == length(ndoo))

Mstari huu msiuruke. Mwaka jana niliunganisha orodha nzima kwa paste0, bila lupu. Wilaya sita, idadi tano; ya mwisho nilisahau kuiandika. R haikulalamika hata kidogo, maana orodha fupi ikiisha, paste0 huirudia kutoka mwanzo. Kaliua wakapelekewa idadi ya Igunga, nami nikajua ndoo zikiwa zimeshapakiwa. Lupu ingeandika NA (yaani idadi haipo) na ningeshtuka mapema, lakini stopifnot inakusimamisha kabla hata ujumbe mmoja haujatoka.

Tatu, lupu:

for (i in seq_along(wilaya)) {
  cat("Kikundi cha ", wilaya[i], ": leteni ndoo ", ndoo[i], ".\n", sep = "")
}

Bila \n ujumbe wote utashikana mstari mmoja.

MASWALI

— Mkuu haifanyi kazi, nisaidie haraka.
— Bandika kosa lenyewe hapa.
— Inasema "unexpected input".
— Umekopi kutoka WhatsApp. Alama za kunukuu zimepinda. Zifute, uziandike upya.

— Shikamoo mwalimu. Kwa nini seq_along na si 1:length(wilaya)?
— Marahaba, umeuliza vizuri. Orodha ikiwa tupu, 1:length inakupa 1 kisha 0, na lupu inazunguka mara mbili juu ya kitu kisichokuwepo. seq_along haizunguki kabisa. Jaribu mwenyewe kwa wilaya <- c() uone.

— Nimeweka writeLines ndani ya lupu, faili lina Kaliua tu!
— Kila mzunguko unafuta faili la nyuma. Tengeneza ujumbe <- character(length(wilaya)), jaza ujumbe[i] kwa paste0 ndani ya lupu, kisha writeLines(ujumbe, "ujumbe.txt") mara moja nje.

— Mimi niko Kasulu, naongezea: majina kama Ng'ambo yafungwe kwa alama mbili za kunukuu. Ukitumia moja moja, ile ya ng' inafunga neno katikati.
— Asante sana ndugu, hilo sikuliandika. Naliongeza kwenye hatua ya kwanza.