Tochi ya simu na mdomo wako
Wana Mtwara na Lindi, hasa nyie wa ugoro, sigara na uraka (pombe ya mabibo) msimu wa korosho, ukimaliza kupiga mswaki washa tochi ya simu, simama kwenye kioo, vuta shavu, nyanyua ulimi uangalie chini yake na pembeni, kansa ya mdomo inapenda kukaa huko na mwanzoni mara nyingi haiumi. Babu yangu anaweka ugoro upande uleule miaka yote, fizi pale pameshakuwa peupe, ye anasema kawaida (mbishi huyo!). Tumbaku na pombe pamoja ndo mbaya zaidi. Kidonda kikipita wiki 2 hakijapona, au ukaona baka jeupe au jekundu lisilofutika, achana na kusukutua chumvi tu, nenda kwa daktari wa meno, hata pale hospitali ya Ligula, Mtwara.